Hali ya Kiwandani

Jumatatu, 6 Mei

Mdomo wangu utanitia kaburini. 

Ilikuwa hivi. Mkuu wa karakana anastaafu mwisho wa mwezi, mgongo umemshinda. Kiti chake kitabaki wazi. Wanaokimezea mate ni wawili: mimi, fundi umeme wa kiwanda hiki cha sabuni kwa miaka kumi na minne, na Bisibisi, aliyekuja juzi juzi tu, miaka sita iliyopita. Jina hilo alipewa kwa sababu bisibisi haimtoki mfukoni. Hata kwenye harusi ya karani alikuja nayo, na spika ilipozimika ndiye aliyeinuka. Haongei sana. Watu wasioongea sana hunitia wasiwasi.

Asubuhi Meneja alituita wote wawili. Kasema Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu, na kitu cha kwanza atakachodai ni orodha ya kontrola zote, yaani vile visanduku vinavyoiambia mashine iwake lini, iende kasi gani na isimame lini. Viko vingapi, viko wapi, vinafanya nini. Orodha haipo. Haijawahi kuwapo. Kila mwaka viliongezwa vingine, vingine vikafichwa nyuma ya vingine, na jamaa aliyevijua vyote alihamia kiwanda cha rangi.

Bisibisi akasema atapita na ngazi na daftari, afungue kabati moja baada ya jingine, aandike anachokiona. Siku nne zitamtosha.

Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikasikia sauti ikisema kwamba siku hizi mafundi hawapandi ngazi. Kontrola zote zimeunganishwa kwenye mtandao wa kiwanda, kwa hiyo mwenye ujuzi hukaa kitini, huuliza mtandaoni nani yupo, na kila kisanduku huitika chenyewe. Saa moja tu, kazi imekwisha.

Sauti ilikuwa yangu.

Meneja akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Akauliza kama nimewahi kuifanya kazi hiyo. Nikasema mara nyingi tu.

Ukweli ni kwamba niliisikia kwa shemeji, mdogo wake mama watoto, anayetengeneza kompyuta na mashine za fotokopi. Aliisimulia mezani kwetu huku anatafuna, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja.

Meneja akasema basi, kila mmoja afuate njia yake, Ijumaa tutaona. Bisibisi akajitwika ngazi akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama.

Jioni nimempigia shemeji. Kasema ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Nimemuuliza, katika habari hii, mlevi ni nani. Akacheka tu.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji kaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na laptopu yake yenye programu. Kanifundisha kwa dakika ishirini, amesimama mlangoni, viatu hakuvua. Vifungo vya programu vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya wenyewe, kwa hiyo kila alichokitaja nilikitafsiri, nikakiandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kioo. Kifungo cha kwanza: Tafuta. Cha pili: Washa taa. Cha tatu: Badilisha jina. Cha nne: Badilisha anwani. Kufika cha tano shemeji alikuwa ameshaondoka, nikatafsiri mwenyewe kwa kamusi ya shule ya mwanangu: Hali ya kiwandani. Karatasi imependeza. Nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Saa mbili nilikuwa kwenye ofisi ndogo ya juu, ile yenye dirisha linaloutazama ukumbi wote wa mashine. Nikachomeka waya kwenye mtandao. Nikabonyeza Tafuta.

Sifuri.

Nikabonyeza tena. Sifuri. Chini mashine zinaunguruma mpaka sakafu inatetemeka, na programu inasema hakuna mtu. Nilikuwa kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba inayonukia chakula, na wenyeji wamenyamaza. Saa tatu, sifuri. Saa nne, sifuri.

Saa nne na robo Bisibisi kapita na ngazi. Kanisalimia vizuri. Kauliza nimepata vingapi. Nikasema bado nachuja. Yeye alikuwa na kumi na kimoja.

Nikampigia shemeji, sauti ya chini, kichwa chini ya meza. Kauliza nimeipa laptopu anwani gani. Anwani? Kumbe kila kitu mtandaoni kina anwani yake, na laptopu yangu ilitakiwa iwe mtaa mmoja na zile kontrola. Ilikuwa inapiga hodi mtaa wa pili. Kanisomea namba, nikaziingiza, nikabonyeza.

Ishirini na saba! Vilijipanga kimoja chini ya kingine, vyote vinaitika. Nilisimama bila kujijua. Machozi yalinilengalenga, sitaki kudanganya.

Nikakimbia kwa Meneja. Ishirini na saba, nikamwambia, na sijapanda hata kidaraja kimoja cha ngazi. Akavaa miwani akasoma. Majina yalikuwa hivi: kifaa-tatu, mpya, mpya-mpya, jaribio, usiguse. Kila fundi aliyewahi kupita hapa alibatiza alivyotaka. Meneja akauliza mpya-mpya ni mashine gani. Nikasema ni ile iliyo mpya zaidi. Akauliza iko wapi. Akaongeza kwamba hiyo si orodha, ni rejista ya darasa, anataka kujua kila mtoto anakaa dawati lipi. Nikasema kesho.

Jioni Bisibisi amefika kumi na vinne. Kila kimoja kina kabati lake na kazi yake, na pembeni anaandika ile namba ndefu iliyogongwa kwenye ubavu wa kisanduku, tarakimu na herufi kumi na mbili. Nikamuuliza ya nini. Kasema ipo, kwa hiyo anaiandika.

Nikamhurumia.

Jumatano, 8 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na asubuhi, asubuhi ilikuwa njema.

Kifungo cha pili, Washa taa. Unachagua jina, unabonyeza, na popote kilipo kisanduku hicho taa yake ndogo inapepesa. Unakwenda unakiona, unaandika. Tatizo, inapepesa kwa muda mfupi tu. Ngazi za ofisi ya juu ni thelathini na mbili. Nabonyeza, nashuka mbio, nafungua kabati, taa imeshatulia. Napanda. Nabonyeza. Nashuka. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimekwenda safari saba na nimekipata kimoja. Dada anayeendesha mashine ya kukata kanishika mkono, kaniambia kwa huruma kwamba kama ni tumbo, choo kiko upande ule.

Nilihitaji mtu wa kubonyeza. Nikamchukua mtunza stoo, ambaye kazi yake yote ni kusema hakuna. Ukimwomba fyuzi, hakuna. Kaja na kikombe chake na mto wa kukalia. Nikamwonyesha karatasi yangu. Nikamwambia nitakuwa napiga simu, namtajia jina, naye anabonyeza kifungo cha pili. Basi.

Ilikwenda vizuri mno. Kufika saa tano tulikuwa na visanduku tisa. Nilitembea katikati ya ukumbi kama bwana harusi. Bisibisi kapita na ngazi begani, nami nikapiga mluzi.

Kisha tukafika kwenye usiguse. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine ya kukata ya laini ya pili ya uzalishaji, kelele tupu, simu imebanwa sikioni.

"Chagua usiguse," nikasema.

"Nisiguse nini?"

"Usiguse."

"Sijagusa kitu, kaka. Kikombe nimekiweka mbali."

Tulichukua dakika tatu nzima mpaka akaelewa kwamba ni jina. Akabonyeza. Taa haikupepesa. Nikamwambia abonyeze tena. Haikupepesa. Sasa najua kwamba ilikuwa inapepesa muda wote, ila imefunikwa na vumbi la sabuni lenye unene wa kucha. Wakati ule sikujua. Nikaendelea kumwambia tena, tena.

Akasema hicho kifungo labda kimechoka, amejaribu kingine.

Nikauliza kipi.

"Cha tano. Umeandika hali ya kiwandani. Nikasema, si tupo kiwandani? Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo."

Visu vya mashine ya kukata vikasimama juu, vimening'inia.

Lazima nieleze. Sabuni hutoka kwenye mashine ya kusukuma ikiwa mche mmoja usio na mwisho, laini, wa moto kidogo. Mashine ya kukata ndiyo inayoukata vipande. Sasa ya kukata ilikuwa imesimama, lakini ya kusukuma hakuna aliyeiambia. Ikaendelea kusukuma. Mche ukapita chini ya visu salama salimini, ukafika mwisho wa meza, ukainama, ukagusa sakafu, ukashika njia kuelekea mlangoni kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Mpaka dada wa kukata alipofikia kile kifungo chekundu cha kusimamisha, ulikuwa na urefu wa hatua kumi na moja. Mtunza stoo alishuka kuupima, hakuna aliyemtuma.

Laini ya pili kimya. Meneja akashuka. Kauliza kumetokea nini. Watu wote wakaniangalia.

Nikasema umeme umecheza.

Wakakubali. Bisibisi peke yake aliinua macho akazitazama taa za darini, ambazo hazikuwa zimetikisika hata kidogo. Meneja akaniagiza mimi niitengeneze laini kabla ya mkaguzi kufika. Bisibisi akaambiwa kwamba maadamu laini imelala, kesho abadilishe rola za ule mkanda mpya wa kupeleka vipande kwenye kufungashwa.

Jioni nimempigia shemeji. Kacheka mpaka akakohoa. Kumbe hali ya kiwandani maana yake ni hali ya siku kisanduku kilipotoka kiwandani kilikotengenezwa: hakina jina, hakina anwani, hakijui kazi yake. "Shem, umemfuta kumbukumbu," akasema. Mama watoto alikuwa karibu, akaisikia sauti ya simu, akauliza nani amepoteza kumbukumbu. Nikasema mtu wa kazini. Akauliza kama amepelekwa hospitali.



Alhamisi, 9 Mei



Mpango ulikuwa mdogo na safi. Nikirudishie kisanduku cha mashine ya kukata jina lake na anwani yake. Kontrola kuu, ile inayoziamuru zote, itakitambua, itakipa kazi yake, laini itaamka, na hakuna atakayejua. Ni maungamo ya kimya, nikajiambia.

Saa tatu nikabonyeza Tafuta. Ishirini na saba. Nikatafuta kisicho na jina.

Vilikuwa viwili.

Viwili, havina jina, anwani sifuri. Kimoja ni cha kukata. Kingine je? Nikarudi kwenye orodha ya juzi. Kumbe hata juzi kimoja kilikuwa hakina jina. Nilihesabu, sikusoma.

Hapa nataka niandike ukweli kwa sababu hiki ni kitabu changu mwenyewe. Ningeweza kushuka nikamuuliza Bisibisi. Alikuwa chini pale, namwona kupitia dirishani. Lakini angeuliza kwa nini nataka kujua. Na Meneja alisema anapita saa nne. Nikatazama vile viwili. Nikachagua cha juu. Hoja yangu ilikuwa kwamba mashine ya kukata ni muhimu, kwa hiyo lazima iwe ya kwanza.

Nikakipa jina. Nikakipa anwani. Nikabonyeza.

Chini kukasikika ta, mlio wa chuma kugusana na chuma. Nikasogea dirishani nikitabasamu. Visu vya mashine ya kukata havikusogea. Mlio ulitoka kwenye kabati la mkanda mpya, na taa ya kijani ilikuwa imewaka mlangoni mwake.

Bisibisi alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkanda huo, mikono yote miwili imezama katikati ya rola, mpaka kwenye viwiko.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo huu, unaosema kila kitu mahali popote, haukutoa hata pumzi. Mkono ukauvuta waya wa laptopu, jambo ambalo halikusaidia kitu, amri ilishatoka.

Mkanda haukwenda.

Bisibisi akainua kichwa. Akalitazama kabati. Akautoa mkono mmoja, polepole, kisha wa pili. Akashuka. Akajifuta grisi. Kisha akainua uso akatazama moja kwa moja dirishani kwangu.

Nilikaa sakafuni. Nilimsikia akipanda. Ngazi zote thelathini na mbili, bila haraka.

"Fundi," akasema, "umewasha nini?"

Nikasema sijawasha kitu. Hakubishana. Aliigeuza laptopu akasoma karatasi yangu kutoka juu mpaka chini, akafika kwenye kifungo cha tano.

"Hali ya kiwandani. Nani katafsiri?"

"Mimi."

Akavuta kiti akakaa. Alikuwa amepauka midomo, sasa ndipo nilipoona. Kanieleza bila kupandisha sauti. Kisanduku cha mkanda kina umeme wa aina mbili: mdogo wa kulisha ubongo, na mkubwa wa kuzungusha mota. Mdogo ulikuwepo, ndiyo maana kiliitika mtandaoni. Kilikuwa hakina jina kwa sababu alikifunga wiki iliyopita tu. Mimi nikakipa jina la mashine ya kukata. Kontrola kuu, iliyokuwa inaitafuta mashine hiyo tangu jana, ikaona jina, ikafurahi, ikaamuru: haya, kazi. Nacho kikatii. Ila umeme mkubwa aliuzima kwenye swichi kabla ya kugusa rola, akaifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Akanionyesha ufunguo. Hufanya hivyo kila mara anapoingiza mkono kwenye mashine, hata kama ni kwa dakika mbili.

"Bila kufuli?" nikauliza.

"Bila kufuli ungekuja kunichomoa."

Nikaomba msamaha. Niliomba vibaya. Nilianzia kwenye mtandao, nikapita kwa shemeji, nikamgusa mtunza stoo, nikazunguka. Aliniacha mpaka nilipoishiwa.

"Mama yangu hajiwezi, Fundi," akasema. "Kila siku namlisha kwa mikono hii."



Kisha akafungua daftari. Ile namba ndefu ya ubavuni, kumbe ndiyo isiyofutika. Kisanduku kikipoteza jina na anwani, namba ile hubaki nacho kama alama ya kuzaliwa, na programu inaionyesha pembeni kabisa ya orodha, mahali ambapo sikuwahi kupeleka jicho. Akaweka kidole kwenye daftari na kingine kwenye kioo. Hiki cha mkanda. Hiki cha kukata. Nusu dakika.

Akaniambia nikivue kile cha mkanda jina lile. Kisha akashuka, akamwondoa dada wa kukata karibu na visu, akakagua pande zote mbili, akasimama mwenyewe mbali kidogo, ndipo akanipigia simu nibonyeze. Visu vikashuka, vikapanda. Laini ya pili ikaamka.

Meneja akaja saa nne kamili, akanipiga bega. "Mtaalamu," akaniita. Nikacheka. Bisibisi alikuwa amesimama pale pale, na nilicheka hivyo hivyo.

Wakati wa kutoka alinisubiri getini. Kasema kesho kabla ya saa tatu niwe nimemwambia Meneja. Nisipomwambia, atamwambia yeye. Ananipa nafasi hiyo kwa sababu nina watoto.

Nyumbani nikafanya mazoezi mbele ya mama watoto. Alikuwa anapinda sketi ya mteja, pini zimejaa mdomoni. Nikaanza na maendeleo ya mitandao viwandani kwa ujumla. Akazitoa pini zote, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Baba watoto. Sema hivi: nilimhatarisha mtu, nikadanganya. Maneno matatu. Yanatosha."

Nikasema hayaelezi mazingira. Akazirudisha pini mdomoni.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeandika kurasa mbili za maungamo, nikazikunja mfukoni. Saa mbili na nusu nikagonga mlango wa Meneja. Mkaguzi alikuwa ameshafika. Mama mmoja mfupi, miwani yenye kamba shingoni, kalamu tatu. Meneja akanitambulisha kwa furaha: huyu ndiye bwana wa mtandao, hahitaji ngazi.

Mkaguzi akauliza nina hakika gani kwamba kila jina kwenye orodha yangu liko kwenye mashine yake.

Nikafungua kurasa. Nikaanza. Nikaeleza mtandao ni nini, anwani ni nini, mtaa ni nini. Nilisikia sauti yangu ikizunguka kama nzi ndani ya chupa. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Ilibaki kidogo tu ionekane kama ripoti nzuri, na nakiri kwamba hapo wazo la kuiacha ionekane hivyo lilinipitia.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Kasema swali lake lilikuwa fupi.

"Nilimhatarisha mtu," nikasema. "Nikadanganya."

Sijui yalitoka wapi. Meneja akaacha kutikisa kichwa. Akauliza mtu gani.

"Mimi," akasema Bisibisi. Alikuwa mlangoni na daftari lake.

Akaeleza yote kwa dakika mbili. Hakuniongezea, hakunipunguzia. Aliposema kwamba umeme haukuwa umecheza Jumatano, Meneja alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka nikiwa mzee. Mkaguzi akaomba kufuli, akalipima mkononi. Akauliza ni mafundi wangapi kiwandani wanaofunga kufuli kabla ya kuingiza mikono. Bisibisi peke yake akainua mkono. Akauliza nani ana ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa mashine. Meneja akasema, yeyote mwenye waya. Alipolisikia jibu lake mwenyewe alikohoa. Mkaguzi akaandika muda mrefu sana.

Matokeo yalitangazwa mchana. Mkuu mpya wa karakana ni Bisibisi. Watu walipiga makofi, dada wa kukata akapiga vigelegele. Kuanzia sasa kila fundi ana kufuli lake, na kisanduku cha kuchomekea waya wa mtandao kimefungwa, ufunguo anao Bisibisi. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimekatazwa kutumia laptopu ndani ya kiwanda. Kazi yangu wiki ijayo ni kubandika vibao vya majina kwenye visanduku vyote ishirini na saba. Kwa ngazi. Mtunza stoo naye kapata barua. Hanisalimii. Leo nimemwomba gundi ya vibao, kasema hakuna.

Orodha iliyokwenda kwa mkaguzi ni ya Bisibisi. Chini kabisa, kwa mwandiko wake, ameongeza kwamba idadi imehakikiwa kwenye mtandao na fundi umeme. Yaani mimi. Niliusoma mstari huo mara tatu. Nilikwenda kumshukuru nikashindwa kumaliza sentensi. Kasema nisijali, nishike ngazi vizuri tu.

Jumapili, 12 Mei

Nimepumzika. Nimetafakari. Nimeelewa kila kitu na nimemwapia mama watoto.

Lakini wasiwasi hauondoki. Naiona mashine ya kukata kila nikifumba macho. Jina lake limeshika kweli? Umeme ukikatika, ukikatika kweli kweli, kisanduku kitakumbuka? Wikiendi hii Bisibisi yuko zamu. Jana nilimpigia mara tatu, leo mara mbili. Kila mara kasema inakata vizuri. Mara ya mwisho kaniomba kwa heshima nisubiri Jumatatu.

Mchana shemeji kaja kula. Kanisikiliza. Kasema kuna kidude kidogo, hakizidi kiberiti, unakichomeka ndani ya kabati, basi unaona kiwanda kizima kwenye simu yako, umelala zako kwenye kochi.

Nikakataa. Nilikataa kabisa. Nimeonywa kwa maandishi, nikamwambia, mimi si mtu wa kurudia kosa.

Kasema ni cha kutazama tu.

Nimeisoma barua ya onyo upya, pole pole, kama wakili. Inataja laptopu. Simu haijatajwa popote. Tena Bisibisi mwenyewe atapata nafuu, sitakuwa nampigia. Sina haja ya kumsumbua kwa maelezo, mkuu wa karakana ana mengi kichwani. Kesho nitakuwa kwenye makabati siku nzima na vibao vyangu, funguo zote za makabati mkononi, nani atashangaa? Sitagusa kitu. Nitakuwa naangalia tu.

Shemeji atakileta asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Mama watoto ameuliza kwa nini ghafla nimechangamka hivi. Nimemwambia ndiyo raha ya moyo uliotubu.